Taa Ndani ya Kikokotoo

Katika nyumba yetu simu hulala ukumbini. Baada ya sala ya Isha kila mmoja wetu, mkubwa kwa mdogo, huiweka yake juu ya rafu iliyo chini ya saa ya ukutani, na hapo hukaa mpaka Alfajiri. Kanuni hiyo tuliipitisha miaka minne iliyopita, na sababu zake sina haja ya kuwaeleza akina mama wenzangu wenye watoto waliokwisha kubaleghe. Baba watoto huitii shingo upande, lakini huitii.

Basi usiku mmoja wa mwezi wa Rajabu, nikipita ujiani kwenda kumwangalia bibi yao, niliona mwanga ukichezacheza ndani ya chandarua cha binti yangu mkubwa. Ilikuwa yapata saa tano. Niliingia nikiwa nimeshayapanga maneno ya kumwambia. Nilimkuta amejifunika shuka gubigubi, tochi ndogo ameibana kwa meno, na mkononi hana simu, ana kikokotoo. Mdogo wake, ambaye hulala naye chumba kimoja, alikuwa amegeukia ukutani na mto ameuweka juu ya uso.

“Labeka, mama,” alisema kabla sijamwita, na tochi ikamdondoka kinywani.

Maneno yangu yote yalinipotea. Kanuni yetu ilitaja simu, kikokotoo haikukitaja.

Kikokotoo chenyewe si kile kidogo ambacho watoto wetu huingia nacho katika mtihani wa kidato cha nne. Hiki ni kikubwa zaidi, kinachochora grafu, cha aina ya TI-83 Plus, kilichoanza kuuzwa na kampuni ya Texas Instruments ya Marekani mwaka 1999. Mjomba wake alikitumia alipokuwa chuo kikuu huko Kanada, na alipokuja kututembelea akamwachia, kwa sharti kwamba ni cha kuazima, kwani naye ana watoto wanaokua. Skrini yake ina vidoti 96 kwa upana na 64 kwa urefu, jumla 6,144, na kwa vidoti hivyo huchora mistari na mapinde yote ya hesabu za sekondari. Lakini kilichomnasa binti yangu si grafu. Chombo hiki kinakubali kuandikiwa programu. Mwandishi hupata mistari minane tu, kila mmoja wa herufi 16, na ndani ya kidirisha hicho chembamba anaweza kukifundisha kazi ambayo waliokiunda hawakuiwazia.

Kazi aliyokuwa akikifundisha ni mirathi. Alianza na jambo jepesi: chombo kiulize idadi ya wana wa kiume na wa kike, kisha kigawe. Akaongeza mume, akaongeza mke, akaongeza wazazi. Usiku ule wa tochi alikuwa amekwama, kwa sababu mwanamke aliyembuni katika hesabu yake alikuwa ameacha mume, mama na mabinti wawili, na kikokotoo kilikuwa kikishikilia kumpa majibu yasiyoingia akilini. Robo ya mume ni mafungu matatu kati ya kumi na mawili. Sudusi ya mama ni mafungu mawili. Thuluthi mbili za mabinti ni manane. Jumla yake ni kumi na tatu, na mali ina mafungu kumi na mawili. Alidhani amekosea kuandika. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda, nikamwambia kwamba chombo hakijakosea. Hiyo ndiyo auli tuliyosomeshwa madrasa, na dawa yake ni kuigawa mali kwa mafungu kumi na matatu, kila mmoja apungukiwe kidogo kwa kadiri ya fungu lake. Alinitazama kama aliyegundua kwamba mamake aliwahi kuwa mwanafunzi. Yafaa nitaje hapa kwamba Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, ambaye kitabu chake ndicho kilichoipa aljebra jina, alitenga sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa masuala ya wasia na mirathi. Kwa hivyo mwanangu hakuwa ameicheza hesabu. Alikuwa ameirudisha kwao.

Hata hivyo, tochi ya meno haikubaliki. Nilimwambia azime alale, kwani hata bibi yake hukumbusha kila usiku mafundisho ya Mtume (s.a.w.) ya kuzima taa tunapokwenda kulala. Akazima. Kisha gizani akasema, “Mama, nataka kukitia taa kwa ndani. Taa yake peke yake, isiyomwamsha mtu.”

Mimi, nikikiri ukweli, nilidhani ni maneno ya usingizi.

Asubuhi nilimuuliza swali ambalo labda nanyi mnajiuliza: kwa nini chombo cha gharama namna ile hakina mwanga wake, ilhali simu ya bei ya chini kabisa inao? Jibu nililipata kwa mafungu, siku kadhaa, na sehemu nyingine kutoka kwa mjomba wake. Kioo cha kikokotoo hakitoi mwanga. Ni vipande viwili vyembamba vya kioo, na kati yao limewekwa tabaka la kitu ambacho si maji kamili wala si kigumu kamili. Tabia hiyo ya ajabu iligunduliwa mwaka 1888 na mtaalamu wa mimea wa Austria, Friedrich Reinitzer, alipokuwa akiyeyusha dutu aliyoitengeneza kwa kolesteroli ya karoti. Mbele na nyuma ya vioo hubandikwa tando mbili za polaraidi. Utando wa aina hiyo huruhusu mwanga upite kwa mwelekeo mmoja tu, kama ubao mwembamba unaopitishwa kati ya nondo za dirisha: ukiusimamisha unapita, ukiulaza unakwama. Sasa tando hizi mbili zimepishanishwa, mmoja nondo zake zimesimama na wa pili zimelala, na lau kati yao pangekuwa patupu mwanga usingepita hata kidogo. Ni lile tabaka la kati linaloupindua mwanga njiani ili upite kote kuwili. Umeme ukifika kwenye kidoti kimoja, kupindua kunakoma mahali hapo, mwanga unakwama, nasi tunaona doa jeusi. Madoa hayo ndiyo tarakimu.

Na nyuma kabisa ya yote hayo pamebandikwa utando wa rangi ya fedha. Mwanga wa chumba huingia kwa mbele, hufika kwenye fedha ile, hurudi machoni. Chombo kinaishi kwa mwanga wa kukopa. Juani husomeka vizuri sana, na kwa kuwa hakiwashi kitu, betri zake hudumu miezi. Gizani ni ubao mtupu. Ibn al-Haytham aliandika huko Misri, zaidi ya miaka elfu moja sasa, kwamba jicho halitoi miale ya kuviendea vitu, bali mwanga hutoka kwenye vitu ukalifikia jicho. Binti yangu alilielewa hilo vizuri zaidi kwa kulala chini ya chandarua akiwa na kioo kisicho na cha kumletea.

Vikokotoo vya grafu vyenye taa vipo. Kampuni ya Casio, iliyotoa kikokotoo cha kwanza cha aina hii mwaka 1985, na hao Texas Instruments, wote wamekuwa na vya skrini ya rangi inayojimulika tangu 2011. Niliuliza bei, nikashukuru, nikaondoka. Najua pia mtasema kwamba simu ina programu za bure zinazochora grafu nzuri kuliko hizo. Ni kweli. Lakini simu haiji na grafu peke yake.

Jambo la kwanza halikuwa la ufundi. Kitu ni cha mjomba, nacho ni amana. Hakifunguliwi hata skrubu moja bila idhini ya mwenyewe. Binti yangu alimtumia ujumbe wa sauti mrefu, wa adabu, wenye salamu nyingi kuliko kawaida. Mjomba alinyamaza siku nzima. Alipojibu alisema amekubali, ila kwanza afanye jaribio kwenye kitu kingine kisicho na thamani, na asitoe betri kabla ya kuzihifadhi programu zake, kwa kuwa zilizo kwenye kumbukumbu ya kawaida huweza kufutika umeme ukikatika, na zile zilizohamishiwa kwenye hifadhi ya kudumu hubaki. Binti alizihamishia huko, na juu ya hayo akazinakili zote kwa mkono kwenye daftari, kurasa tisa. Nililifurahia daftari kuliko hifadhi.

Kitu kisicho na thamani kilipatikana chumbani kwa bibi: saa ya adhana ya mezani, iliyoacha kuadhini tangu mwaka juzi ingawa tarakimu zake zilikuwa zinaonekana bado. Bibi alisema, “Haisemi tena, nichukulie.” Binti aliifungua mezani, akaung’oa utando wa fedha nyuma ya kioo kwa wembe, na tarakimu zikatoweka zote. Saa ilikuwa ikienda, betri zimo, lakini kioo kilikuwa cheupe kama dirisha. Tulidhani imekufa.

Haikufa. Utando wa fedha ulikuwa umeshikamana na utando wa polaraidi wa nyuma, na vyote viwili vilitoka pamoja. Bila nondo za nyuma, mwanga hupita ovyo na hakuna doa linaloonekana. Binti alikwenda akaichukua miwani ya jua ya babake, ile anayovaa akienda baharini kuvua, ambayo vioo vyake ni vya polaraidi ili kuukata mng’aro wa maji. Akaiweka nyuma ya kioo cha saa, akaielekeza dirishani. Tarakimu zikarudi: saa nne na dakika kumi na mbili. Akaizungusha miwani robo duara, na yote yakageuka, uwanja ukawa mweusi na tarakimu zikawa za mwanga. Nyumba nzima ilikuja kuona. Hata bibi aliizungusha miwani ile mara tatu nne, akicheka peke yake. Babake aliporudi alitaka kujua kwa nini miwani yake ina alama za vidole vya watu sita.

Mama mwenzangu ambaye mwanawe atataka kujaribu, ashike hili: utando wa fedha na ule wa polaraidi mara nyingi ni ndugu walioshikana. Waweza kuubandua wa fedha peke yake taratibu, ukaacha wa chini, kazi ya saa nzima na gundi yake ni mkaidi. Ama uvitoe vyote na ubandike polaraidi nyingine, ukihakikisha mwelekeo wake kwa kuuzungusha kabla ya kuukata. Gundi inayobaki husafishwa kwa pamba iliyoloweshwa spiriti ya dukani. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha isiguse hapo hata kidogo. Binti alinijia kuiomba nami nikaitoa kabatini bila kufikiri. Bahati njema aliijaribu kwanza kwenye kipande cha plastiki cha ile saa, kikayeyuka kikawa kama ubani.

Vifaa vilivyosalia tulivifuata kwa fundi wa simu, mtaa wa pili kutoka kwetu. Nyuma ya skrini ya kila simu ya zamani mna kibao cha plastiki angavu, chembamba kama kadi, ambacho huupokea mwanga kutoka ukingoni na kuusambaza uso mzima sawasawa. Bila kibao hicho, ledi ikiwekwa nyuma ya kioo hutoa doa moja kali katikati na giza pembeni. Fundi ana ndoo nzima ya skrini zilizovunjika, na kibao cha simu ndogo ya inchi tatu na nusu kilikaribia kabisa ukubwa tunaoutaka. Alizungumza na mimi muda wote, hali ya kuwa mimi sikuwa na swali. Kisha binti akamuuliza kama ledi za simu ile zimeunganishwa kwa mnyororo au kila moja na njia yake. Fundi akamgeukia. Zilikuwa za mnyororo, ledi sita, zinazodai karibu volti ishirini kwa pamoja, na simu ina sakiti ya kuipandisha volti, kikokotoo hakina. Kuanzia hapo mimi ndiye niliyekaa kwenye kiti nikisubiri.

Ledi zilitoka kwenye kipande cha utepe wa taa nyeupe kilichosazwa kwenye mapambo ya harusi ya binamu yake. Fundi alizitoa mbili kwa chuma cha kulehemu, akamwonyesha namna ya kushika kibano, akamwachia amalizie. Waya, swichi ndogo ya kusukuma na rezista mbili havikufikia bei ya mikate miwili.

Hesabu yake ilikuwa hii, na niliitaka aniandikie ili niielewe. Kikokotoo kinatumia betri nne ndogo, volti sita kwa jumla. Ledi nyeupe hula volti tatu hivi. Zinazobaki tatu lazima zimezwe na rezista, la sivyo ledi huungua. Tatu gawanya kwa 330, ambao ni ukubwa wa rezista, ni miliampea tisa. Kwa ledi mbili, kila moja na rezista yake, ni kumi na nane. Betri nzuri ya alkali ya ukubwa huo hubeba kama miliampea-saa elfu moja, kwa hivyo taa ingewaka saa hamsini na kitu. Betri hafifu za rejareja hazifiki nusu yake. Kwa chombo kilichozoea kula seti moja ya betri kwa miezi mingi, hiyo ni njaa mpya. Ndiyo maana ya swichi. Taa imeungwa moja kwa moja kwenye betri, haiijui ile kitufe cha kuzimia kikokotoo, na asiyeizima kwa mkono wake ataamkia betri tupu.

Jumamosi baada ya Adhuhuri kazi ilifanyika kwenye meza ya ukumbini, dirisha wazi kwa sababu ya moshi wa kulehemu, wadogo wakiwa wamepelekwa kwa khalati yao. Bisibisi ya kichwa cha nyota ilihitajika kwa skrubu moja, na hiyo tuliazima. Sitaielezea kila hatua. Kioo kimeunganishwa na bodi kwa utepe mwembamba wa plastiki wenye njia nyingi za umeme, uliobandikwa kwa joto, na hapo ndipo roho yangu ilipokuwa, maana kukiinua kioo ili kukitia kibao nyuma yake ni lazima utepe ule upindwe kidogo. Binti alifanya kazi saa mbili na nusu bila kusema. Mimi nilishika tochi. Polaraidi iling’oka pamoja na fedha, kama ilivyokuwa kwa saa, naye akabandika nyingine aliyoitoa kwenye kompyuta kibao iliyopasuka.

Magharibi ilipokaribia akaifunga, akatia betri, akasukuma swichi. Mwanga mweupe ulijaa skrini nzima. Kisha akakiwasha kikokotoo chenyewe, na mistari miwili ya vidoti ikakosekana, imekatika kutoka ukingo hadi ukingo, ikipita katikati ya tarakimu kama wembe.

Hakulia mbele yangu. Alichukua simu yake rafuni, ilikuwa bado si wakati wa Isha, akampiga picha mjomba wake na kumtumia, pamoja na maneno mafupi: “Nimekiharibu. Nitakilipa.” Nilitaka kumwambia asubiri, tujaribu kwanza, labda kitarekebika na mjomba asijue. Nashukuru sikulisema. Amana ikipata dosari mwenyewe huambiwa, na mtoto alikuwa amelijua hilo kabla yangu.

Siku mbili kikokotoo kilikaa kwenye rafu ya simu. Binti alisoma kitabu kingine, akaosha vyombo bila kuagizwa. Siku ya tatu mjomba alijibu kwa sauti ya mtu anayejizuia kucheka. Mistari inayokosekana, alisema, ni ugonjwa maarufu wa vikokotoo vya aina hiyo hata visipofunguliwa. Utepe ukilegea pale unapogusa bodi, njia mbili tatu hukata. Kandamiza kwa kidole hapo, ikirudi basi hujaharibu kitu. Binti alifungua, akakandamiza, mistari ikarudi. Akakata kipande cha sponji, akakilaza juu ya utepe ili mfuniko ukifungwa ukikandamize daima. Kiko hivyo mpaka leo. Kuhusu malipo, mjomba alisema alipwe kwa programu ya mirathi itakapokamilika, kwani ana suala la shamba la Malindi ambalo ndugu hawajalimaliza.

Sasa niseme na hasara, kwa maana wanaosimulia mambo haya huishia kwenye mwanga. Fedha ile iliyong’olewa ndiyo iliyokuwa ikikifanya chombo kisomeke juani. Nyuma ya kibao cha mwanga binti aliweka karatasi nyeupe, nayo hurudisha kiasi, lakini mchana barazani skrini sasa ni ya kijivu na tarakimu zimepauka. Imebidi aizidishe weusi kwa vitufe vyake, na wakati mwingine aiwashe taa mchana kweupe. Kilikuwa kinakopa kwa kila mwanga. Sasa kimezoea chake. Betri zikichoka taa hufifia kwanza, kabla kikokotoo hakijalalamika. Na kona ya kushoto ya chini ina weusi kidogo, mahali kibao kilipokatwa kwa msumeno.

Yuko pia msimamizi wa mtihani. Chombo kilichofunguliwa na kutiwa swichi ambayo haikutoka kiwandani kinaweza kukataliwa mlangoni, na msimamizi hatakuwa na kosa. Mwanafunzi anayekihitaji kwa mtihani amwulize mwalimu wake mapema, kabla ya wembe. Binti yangu hukiacha nyumbani na huenda shule na kile kidogo cha kawaida.

Na ile kanuni yetu ilibidi irudiwe. Babake aliuliza, kwa haki, kama tumewafukuza simu mlangoni ili skrini nyingine ipite dirishani. Tulikaa tukazungumza. Kikokotoo hakina mtandao, hakina picha wala sauti, hakuna mgeni anayeingia kupitia kwake. Lakini usingizi ni usingizi. Tulikubaliana kiwe naye mpaka saa nne na nusu, kisha kiungane na simu rafuni, swichi ikiwa imezimwa, na mimi ndiye ninayeikagua. Usiku wa kwanza nilisimama mlangoni nikatazama. Ndani ya chandarua palikuwa na kitu cha ukubwa wa kiganja chenye weupe wa mwezi mchanga, nao uso wake umeinamia. Mdogo wake alikuwa akikoroma.

Bibi naye ametoa madai. Saa yake ya adhana ilikaa mezani wiki tatu ikiwa haina mgongo, na sasa ameikumbuka. Anasema alitoa idhini ya kujaribia, si ya kuharibia, na kwa kuwa mjukuu wake amejua kutia taa ndani ya vitu, basi arudishiwe yenye mwanga, ili usiku wa manane ajue imebaki muda gani kufika Alfajiri bila kuamsha mtu. Juzi nilimkuta binti barazani na daftari lake la kurasa tisa. Saa ile inakwenda kwa betri mbili, volti tatu tu, na ledi nyeupe huzila zote tatu bila kuacha kitu cha rezista, tena betri zikichoka kidogo taa haiwaki. Alikuwa amechora kisanduku cha betri tatu, akikipima kwa rula kama kitaenea chini ya saa.